Bampa Ambayo Earlene Hakuitoboa

Kuna watu huhama wakaacha nyuma samani, majirani na makaburi ya wazazi, wasipate hata mafua. Lucius Pettway alihama Flint, Michigan, akaja Milwaukee kuishi kwa binti yake, na kitu kilichomkosesha raha kilikuwa bampa ya mbele ya gari lake.

Usimcheke kwanza. Michigan gari hubeba kibao kimoja cha namba, nyuma, basi. Uso wa gari unabaki laini kama ulivyotoka kiwandani. Ukivuka ukaja huku Wisconsin, serikali haitosheki na kimoja. Inataka na mbele pia. Na gari lililozaliwa kwa ajili ya Michigan halina pa kukiweka hicho cha pili. Kwa watu wengi ni jambo la kwenda gereji, fundi akatoboa matundu mawili, mkaagana. Lucius hakuwa watu wengi, na bampa ile haikuwa bampa ya hivihivi.

Ujana wake wote na utu uzima wake aliumalizia kwenye kiwanda cha magari cha Flint, upande wa rangi. Kazi yake ilikuwa kutazama. Alisimama chini ya taa kali, vipande vilivyopakwa vinapita mbele yake vinang'aa, naye anatafuta chembe ya vumbi, tone lililochuruzika, unywele wa brashi. Akiona kasoro anaizungushia chaki, kipande kinarudi kilikotoka. Wapakaji walimwogopa kuliko msimamizi. Jicho lile halikujua kupumzika hata akitoka kazini. Akienda dukani kununua friji, muuzaji hujuta kuzaliwa, maana Lucius ataiona mikwaruzo ambayo hata kiwanda kilichoitengeneza hakiijui.

Sasa, mwisho kabisa wa mstari wa kuunganisha magari kulikuwa na msichana mwenye drili. Kila gari lilikuja na karatasi kwenye kioo ikisema linakwenda jimbo gani. Linalokwenda Indiana, aliliacha lipite. Linalokwenda Illinois, alipiga magoti, akapima, akatoboa. Lucius aliposikia kwamba kuna mtu huko mbele anatoboa bampa alizozikagua yeye, damu ilimchemka. Saa ya chakula akashuka kumtafuta.

"Wewe ndiye unayenitobolea kazi yangu?"

Msichana hakugeuka. "Na wewe ndiye yule wa chaki? Nilidhani ni mtu mrefu."

"Dada, mimi siongei mzaha. Ile rangi imetoka kwangu haina doa."

"Hata mimi nimeiona, nzuri sana. Malalamiko peleka kwa serikali ya Illinois. Ukikuta wamefunga, niachie sandwichi yako hapo."

Huyo ndiye Earlene. Kesho yake Lucius alirudi na lalamiko jingine. Kesho kutwa alirudi na sandwichi mbili na hakuwa na lalamiko lolote. Alikuwa ameyakagua matundu ya msichana yule kwa jicho lake kali, akakuta yametulia, kingo zake safi, rangi haikumeguka hata kidogo. Mtu wa namna hiyo huwezi kugombana naye, unamwoa.

Waliponunua Buick yao wenyewe, nyekundu iliyokolea kama mvinyo wa kanisani, Earlene alipitisha kiganja juu ya bampa ya mbele pale pale uwanjani kwa muuzaji, watu wanatazama. Akasema, "Maisha yangu yote natoboa magari ya watu waende mbali. Hili silitoboi. Hili ni la nyumbani, haliendi popote."

Na kweli halikwenda popote. Kiwanda kilifungwa, vijana wakatawanyika, binti yao Danette akapata kazi Milwaukee kwa daktari wa meno, lakini Buick ilibaki Flint ikiwapeleka kanisani na sokoni, uso wake laini. Kisha Earlene akaugua. Hakukawia.

Danette alipokwenda kumtazama baba yake baada ya msiba, alimkuta jikoni anakula mahindi ya kopo kwa kijiko, amesimama wima mbele ya sinki, koti mwilini. Meza ipo, viti vipo.

"Baba, mbona hukai?"

"Nikikaa nitaangalia kile kiti kingine."

Danette alimfungia nguo sandukuni. Lucius akakubali kwenda Milwaukee na Buick yake, kwa msimu wa baridi tu, akalisema hilo la "tu" mara nyingi njiani, mpaka wakaizunguka Chicago yote analisema. Baridi ikaisha. Kiangazi kikaja. Kila mara alikuwa anarudi Flint wiki ijayo, na wiki ijayo ikifika, kuna jambo: bomba la Danette linavuja, kanisani wanamhitaji kwenye kwaya ya wanaume, jirani ana mashine ya kukata nyasi inayokohoa. Ukweli ni kwamba alipapenda Milwaukee. Ukweli mwingine ni kwamba hakutaka kusikika akisema hivyo, kwa sababu kusema hivyo kulikuwa kama kumfungia mlango Earlene, abaki nje kule Michigan peke yake.

Kilichomtoa mafichoni ni bima. Kampuni ya bima haikuelewa ni vipi gari la Michigan linalala kila siku Wisconsin. Danette akaenda kuandikisha gari upya, akarudi na vibao viwili. Cha nyuma Lucius alikifunga bila neno. Cha mbele alikiegemeza kwenye kibaniko cha mkate jikoni, na hapo kikakaa.

"Baba, kile kibao kinataka kula nini pale?"

"Nitakiweka."

"Lini?"

"Nikipata pa kukiweka pasipo kuitoboa bampa ya mama yako."

Danette aliijua ile habari tangu utotoni.

Basi zikaanza jitihada. Kwanza Lucius alikiweka kibao ndani, juu ya dashibodi, kikitazama nje kama paka. Polisi akamsimamisha, kijana mpole, akamwita "mheshimiwa" na kumwambia kwamba sheria inataka kifungwe mbele ya gari, siyo kukaa ndani kinaota jua. Hakumtoza kitu, lakini alimwambia kwamba safari ijayo hatakuwa mpole.

Jirani yao alikuwa mzee mmoja anaitwa Wendell Zastrow, aliyestaafu kiwanda cha bia, mwenye sauti ya kupita ukuta. Huyo alikuwa akiitazama Buick kila asubuhi kwa masikitiko.

"Lucius, hilo gari lako linatembea uchi."

"Kwetu tunaita heshima, Wendell. Nyie mmezoea kutoboa kila kitu, hata jibini lenu mnalojivunia hapa Wisconsin lina mashimo."

"Lile lenye mashimo ni la Waswisi, bwana! Usituonee!"

Wendell akamwonyesha gari lake mwenyewe. Kwenye bampa yake kulikuwa na kifuniko kidogo, ukikibandua unakuta tundu la kiwandani la kufungia ndoano ya kuvutia gari likikwama. Ameingiza chuma humo, kibao kimekaa juu yake, bampa haikuguswa. Lucius alivutiwa sana. Akaikagua Buick mbele na chini mpaka magoti yakalowa, asilione tundu lolote. Gari la zamani, ndoano zake zimefichwa uvunguni.

Akajaribu gundi, ile tepu nene inayonata pande zote mbili. Ilishika vizuri hadi baridi kali ya kwanza, gundi ikawa ngumu kama ukoko, na siku alipoliingiza gari mahali pa kuoshea kwa mashine, brashi zikakinyakua kibao zikaenda nacho. Danette ndiye aliyerudi kukiomba, na sare zake za kazini, mbele ya foleni ya magari yanayopiga honi. Aliporudi nyumbani alikiweka mezani kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mwishowe Wendell akatoa kwenye droo yake zile kamba nyembamba za plastiki ambazo ukishazivuta hazirudi tena mpaka uzikate. Kwenye bampa ya Buick, upande wa chini, kulikuwa na matundu ya kupitishia hewa ya rejeta. Lucius akazipitisha kamba humo, akakivuta kibao kikabana, akarudi nyuma kutazama. Hakuna tundu, hakuna gundi. Polisi ataridhika, na bampa iko nzima. Siku ile alitembea kifua mbele, na jioni akala sahani mbili za maharage na mkate wa mahindi, ameketi.

Sasa hapa ndipo panapouma. Mtu aliyekagua rangi maisha yake yote hakufikiri kuweka hata kipande cha kitambaa kati ya bati na rangi. Mwanafunzi wake angefanya hivyo, angemfukuza. Lakini alikuwa ameogopa drili kwa muda mrefu hivi kwamba hakuwa na woga uliobaki wa kuogopea kitu kingine. Na majira ya baridi ya Milwaukee si ya mchezo. Barabara zinamwagiwa chumvi na mchanga kupambana na barafu, upepo unatoka ziwani, gari likishika kasi kibao kinatetemeka. Bati likatetemeka, mchanga ukaingia nyuma yake, likasugua. Likasugua msimu mzima, kila safari ya kwaya na kila safari ya sokoni, na Lucius anaendesha kwa amani moyoni.

Theluji ilipoyeyuka alikata kamba ili aioshe bampa vizuri. Aliponyanyua kibao, mikono yake ikasimama. Pembe zote mbili za juu za bati zilikuwa zimekula rangi, zikala na ile ya kijivu ya chini yake, zimefika kwenye plastiki nyeusi. Katikati kulikuwa na ukungu wa mikwaruzo. Alipapasa kwa kidole, akarudia kupapasa. Kisha akaigeuza ndoo, akaikalia, akalia waziwazi, pale nje kwenye maegesho, maji yanamwagika bure kutoka kwenye mpira wa bomba.

Danette alimkuta hivyo aliporudi kazini. Kwanza alidhani ni moyo, akamshika kifua. Alipoonyeshwa bampa akashusha pumzi.

"Baba, umenitisha. Ni rangi tu."

"Siyo rangi tu."

"Haya, ni bampa tu."

"Danette, usiniambie ni bampa tu! Mama yako aliniachia kitu kimoja kizima. Kimoja! Na nimekiharibu mimi mwenyewe, kwa mikono yangu."

Basi Danette naye akafurika. Alikuwa ameyaweka moyoni muda mrefu, kama watoto wazuri wanavyofanya.

"Kitu kimoja? Na mimi je? Mimi si aliniacha pia?" Aliokota kamba iliyokatwa, akamwonyesha. "Unajua naona nini kila asubuhi nikipita hapa kwenda kazini? Naona mtu anayekaa kwangu kwa kufungwa na uzi. Mtu anayefunga kitu kwa kamba ni kwa sababu anataka siku moja akate, aondoke. Mashati yako yako kwenye sanduku mpaka leo, Baba. Nimekupa kabati zima, halina hata soksi. Niambie tu. Unakaa au unaondoka? Mimi siwezi kuendelea kukuaga kila wiki."

Lucius alirudi kuipapasa bampa. Danette akafunga bomba la maji, akaingia ndani.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na adabu nyingi mno. Tafadhali chumvi, asante chumvi. Lucius aliomba nafasi kwenye gereji ya Wendell, akaifungua bampa yote, akailaza juu ya benchi. Akaanza kwa msasa mnene, akaja kwenye laini, akalowesha maji, akasugua kwa mviringo mpaka kingo za kidonda zikapotea chini ya kidole. Kidole hakidanganyi; jicho linaweza kutaka kuona kitu kimepona kabla hakijapona.

Jumamosi, Danette alikuja na kahawa, akasimama mlangoni asiingie. Hakuwahi kumwona baba yake kazini. Utotoni alijua tu kwamba baba anatoka asubuhi na anarudi amechoka macho. Sasa akamwona anavyoinamisha kichwa ubavuni, anavyoiacha taa ilale juu ya rangi badala ya kuitazama moja kwa moja.

"Nishike taa?" akauliza.

"Shika. Chini zaidi. Hapo. Unaona ile chembe?"

"Sioni kitu."

"Usiitafute chembe. Tazama mwanga, uone unapojikwaa."

Danette akatazama, mara akapiga kelele kidogo. "Nimeiona!"

Wakaendelea hivyo, taa na msasa, bila kuzungumza habari nyingine. Lucius alipopuliza rangi ya mwisho na kuiacha ikauke, ile nyekundu ilirudi kana kwamba haikuwahi kuguswa. Wendell akaja kuitazama, akavua kofia.

Walipoirudisha bampa kwenye gari, Danette alitoa mfuko wa karatasi. Ndani yake kulikuwa na kamba mpya za plastiki na vipande vya mpira laini, amevikata mwenyewe na kuvichonga kwenye pembe.

"Vya kuweka nyuma ya kibao," akasema, macho chini. "Kisisugue tena. Nilikusema vibaya siku ile. Funga kwa kamba ukitaka, Baba. Ukae unavyoweza kukaa."

Lucius alivipokea vile vipande vya mpira akavigeuzageuza. Vilikuwa vimekatwa vizuri sana. Akamtazama binti yake, mikono ya Earlene ile ile, vidole vifupi, kucha fupi, naye ana umri ambao Earlene alikuwa nao kiwanda kilipofungwa.

"Mama yako alisema gari hili haliendi popote," akasema. "Halafu akaenda yeye. Nilimkasirikia, Danette. Sijawahi kumwambia mtu. Nikawa naibembeleza plastiki badala yake, nikaona nikiitunza isiguswe, basi hakuna kilichobadilika." Alijifuta uso kwa mkono wenye vumbi, akajichafua zaidi. "Nakaa. Hapa, kwako. Siyo mpaka wiki ijayo. Wendell! Una drili?"

"Nina tatu," Wendell akajibu kutoka nyuma ya nyumba.

"Lete moja."

Ilipoletwa, Lucius hakuipokea. Alimwelekeza Wendell kwa Danette.

"Mimi?" Danette akarudi nyuma. "Baba, hapana. Rangi yako ndiyo kwanza imekauka!"

"Si unatoboa meno ya watu?"

"Nasafisha! Anayetoboa ni daktari!"

"Basi leo umepanda cheo. Mimi sijawahi kutoboa bampa maishani, na sitaanza uzeeni. Kwenye familia hii wanaotoboa ni wanawake."

Akamwonyesha alivyokuwa akifanya mama yake, yote aliyoyaona siku zile alipokuwa akishuka na sandwichi. Bandika tepu ya karatasi kwanza ili rangi isimeguke. Weka alama, kisha ichome kwa ncha ya msumari, drili isiteleze. Anza na ncha nyembamba. Usiisukume, iache ikate yenyewe. Danette akapiga magoti. Tundu la kwanza lilitoka safi, unyuzi wa plastiki ukajikunja ukadondoka. Alipoanza la pili machozi yalikuwa yanamtiririka, hakutaka kuacha drili ayafute, na mkono ukacheza.

Wakakifunga kibao. Danette akarudi nyuma, na sura ikambadilika. Upande wa kushoto ulikuwa chini kuliko wa kulia. Si sana, kiasi cha punje ya mchele.

"Baba. Nimeharibu."

Lucius akachuchumaa. Alifunga jicho moja, akatazama kwa lile jingine, taratibu, kutoka kona hii hadi kona ile. Danette akaishikilia drili kifuani, anangoja.

"Iko sawa," Lucius akasema, akainuka kwa kushikilia boneti.

"Hebu nione," Wendell akasogea, akainamisha kichwa. "Aa, Lucius, hapana bwana. Kibao kimelala upande. Mtu akipita hata barabarani anaona."

"Mimi nimekagua magari ya nchi nzima, Wendell, na sioni kitu hapo."

Wendell alitaka kuapa. Akamwangalia Lucius, akamwangalia Danette na uso wake uliolowa, akaishusha kofia yake usoni.

"Ni macho yangu," akasema. "Uzee."